Jiwe Bichi Katika Tanuri la Chokaa

Kila siku akitoka shule, Zuhura alikuwa na kazi moja kabla ya kucheza: kumpelekea baba yake chakula tanurini.

Baba yake, Abdallah, alikuwa mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kando ya njia ya Mikindani. Halikuwa tanuri la matofali. Abdallah alipanga magogo kwa mviringo, akapandisha juu yake mawe ya matumbawe mpaka rundo likamfika kifuani, kisha akatia moto. Moto ulipokwisha, mawe yale magumu ya kijivu yalikuwa yamegeuka meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji yalichemka yenyewe, yakatoa mvuke na kuanguka kuwa unga. Kuta nyingi za mji zilipakwa unga huo.

Watu wa tanurini walikuwa na maneno yao. Jiwe ambalo halijapata moto waliliita bichi. Likipata moto wa kutosha walisema limeiva. "Msinichanganyie bichi na lililoiva," Abdallah aliwaambia wasaidizi wake, na Zuhura aliyasikia maneno hayo tangu alipokuwa akitambaa.

Zuhura hakuwa mtoto wa kutulia. Akila alisimama, akisimama alitaka kwenda. Darasani alitikisa mguu mpaka dawati zima likatetemeka, na mwenzake wa dawati, Madalena, akashindwa kuandika.

"Una siafu kwenye sketi?" Madalena aliuliza.

"Sina."

"Basi azima utulivu kwa walio nao, nimalize hesabu."

Mwaka huo, 1972, wote wawili walikuwa darasa la sita. Madalena alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya huko viliwaleta yeye na mama yake, Rozalia, upande huu, nao walikuwa wakikaa Likombe, wakilima muhogo na kuuza. Baba yake alibaki ng'ambo. Madalena hakupenda kuulizwa habari zake, na Zuhura, pamoja na kutotulia kwake kote, hakuwahi kumuuliza.

Mwezi wa sita Mwalimu Esta, aliyefundisha sayansi, alimleta mgeni darasani. Aliitwa Bwana Mikaeli, mtaalamu wa madini aliyekuwa akizunguka mkoani kukagua miamba. Alifungua kitambaa akatoa jiwe refu kama kidole gumba, lenye michirizi ya wima kama lililochanwa kwa kitana. Ganda lake lilikuwa la kijani. Upande lilipovunjika, ndani lilikuwa jekundu la kupauka, kama tikiti lililokatwa.

"Hili linaitwa turmalini," alisema. "Sasa tazameni."

Alimwaga majivu kidogo juu ya karatasi. Akaliweka jiwe juu ya bomba la taa ya kandili kwa muda, akalitoa kwa kibanio, akalisogeza kwenye majivu. Majivu yaliruka yakashika kwenye ncha ya jiwe kama vinyweleo.

Kisha Mwanaisha, msichana wa dawati la nyuma, akasema, "Lina jini hilo."

"Halina jini," Bwana Mikaeli alijibu akicheka. "Lina umeme. Jiwe hili likipashwa joto, ncha moja hupata umeme wa aina moja, na ncha ya pili umeme wa aina nyingine. Umeme huo ndio unaovuta majivu. Mawe ya namna hii si mengi duniani."

"Kwetu ng'ambo mjomba wangu alikuwa nalo kama hilo," Madalena alisema. Alisema kwa furaha, kwa sauti, na watoto wote wakageuka kumtazama.

Zuhura aliinua mkono. "Bwana, mbona halimetimeti kama mawe ya pete?"

"Kwa sababu bado bichi," alijibu mtaalamu. "Likishapita kwa fundi ndipo utaona uzuri wake."

Bwana Mikaeli alimwachia Mwalimu Esta jiwe lile, liwekwe katika maonyesho ya shule siku ya Saba Saba. Ahadi ilikuwa kwamba angepita kulichukua baadaye. Mwalimu alilitia katika kijisanduku, akakiweka juu ya rafu darasani, akasema asiliguse mtu.

Lakini neno moja lilikuwa limemwingia Zuhura kichwani, nalo halikutoka. Bado bichi. Njiani alilisema, tanurini alilisema. Ikiwa moto wa kandili tu umeliamsha jiwe hata likavuta majivu, je, moto wa tanuri ungelifanya nini? Nani mji mzima alijua kuivisha mawe kuliko baba yake? Aliona tayari watu wa Saba Saba wakisongamana mbele ya meza ya shule yao, na jiwe linang'aa kama jicho la paka, na Bwana Mikaeli akiuliza, "Ni nani huyu fundi?"

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake na Madalena kufagia darasa. Madalena alipokwenda kuchota maji, Zuhura alipanda juu ya dawati, akafungua kijisanduku, akalifunga jiwe katika pindo la ushungi wake. Alijiambia kwamba haibi. Angelirudisha kabla mtu hajajua, likiwa limeiva.

Alasiri ile Abdallah alikuwa anakaribia kutia moto. Zuhura alizunguka upande wa pili wa rundo, akalichomeka jiwe katikati ya matumbawe mawili, akapatia alama kwa kombe la chaza. Halafu moto ukawashwa.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo angepaswa kulikumbuka mapema kuliko mtoto yeyote mjini: tanuri likishawaka halifunguliwi mpaka moto umalize kazi yake na mawe yapoe. Si jambo la usiku mmoja.

Asubuhi Mwalimu Esta alikuta kijisanduku kitupu.

Aliuliza darasa zima kwa upole. Hakuna aliyejibu. Akauliza waliofagia ni nani. Zuhura na Madalena wakasimama. "Nani aliyetoka mwisho?" Madalena, mtoto mkweli, akasema ni yeye, kwa sababu alirudisha ndoo.

"Jiwe limerudi kwao," Mwanaisha alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka dirishani. "Si alisema mwenyewe, la mjomba wake?"

Watoto wakacheka. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini alimgeukia Madalena akamuuliza mbele ya wote, "Madalena, ulilichukua ukalitazame?"

"Hapana, mwalimu."

"Una hakika?"

Madalena alikaa chini, akatazama mikono yake. Zuhura alikuwa bado amesimama. Alijiambia: ngoja jiwe lipoe kwanza. Nikilirudisha limeiva, litang'aa, na kila mtu atasahau haya. Akakaa.

Siku hizo Zuhura hakupata pa kukaa. Nyumbani aliinuka akakaa tena. Mama yake, Somoe, alimtuma chumvi dukani akarudi na kiberiti. Alikwenda tanurini hata pasipo chakula cha kupeleka, akasimama akitazama moshi, mpaka baba yake akasema, "Mwanangu, tanuri haliharakishwi kwa macho. Nenda kasome."

Shuleni mambo yalikuwa yanazidi. Mtu alichora jiwe kwa chaki juu ya dawati, upande wa Madalena. Wakipita uwanjani, wenzao walijipapasa mifuko kwa mzaha. Madalena alifuta chaki ile kwa kiganja. Kisha siku moja hakuja, na ya pili hakuja.

Moto ulipokwisha na rundo kupoa, Zuhura aliwahi kabla ya wasaidizi wa baba yake. Alipekua penye kombe, lililokuwa sasa unga, akafukua kwa kijiti. Jiwe lilikuwepo. Alilipangusa kwa kanga, akalipangusa tena, kwa nguvu zaidi.

Halikung'aa. Ganda la kijani lilikuwa kahawia, kama chuma kilichoshika kutu. Wekundu wa ndani haukuwepo kabisa. Palikuwa na weupe uliojaa ukungu. Nyufa zililizunguka pande zote, na alipolibana kidogo tu kipande cha ncha kilimbakia kidoleni.

Alilifunga tena katika kanga. Alifikiri kulitupa baharini. Alifika mpaka maji yakamlowesha miguu, akarudi. Akafikiri kulifukia. Akafukua shimo, akalifukia tena bila kuweka kitu ndani. Alipofika nyumbani mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko.

Mama yake alikuwa uani akimenya muhogo. "Huu ndio muhogo wa mwisho wa mama Madalena," alisema. "Wanahama."

"Wanahama wapi, mama?"

"Kilambo, kule mtoni, kwa kaka yake Inasio anayelima mpunga. Kesho lori linakwenda. Amesema hawezi kukaa mahali mtoto wake anaitwa mwizi. Nilimwambia avumilie, akaniambia, 'Mama Zuhura, mie nimekwisha kuhama kwa sababu ya bunduki, nitashindwa kuhama kwa sababu ya maneno?'" Somoe aliacha kisu. "Na huko shule iko mbali. Yule mtoto na akili zake zile, atakwenda kufukuza ndege mashambani."

Zuhura alitoka mbio kurudi ufukweni.

Abdallah alikuwa anazima chokaa. Alimwaga maji kwa kata, mawe yakanguruma na kutoa mvuke.

"Rudi nyuma, itakurukia machoni."

"Baba, jiwe lililoiva linaweza kurudi kuwa bichi?"

Abdallah alicheka. "Litarudije? Jiwe likiungua hutoa pumzi yake. Hili linakubali maji tu, halirudi kuwa jiwe la baharini. Kwa nini waniuliza?"

Akamwambia. Alisema yote bila kupumzika, tangu neno bichi mpaka kombe la chaza, tangu kicheko cha darasani mpaka lori la kesho. Abdallah alisikiliza, kata mkononi. Zuhura alipomaliza, baba aliiweka kata juu ya pipa.

"Liko wapi?"

Zuhura alilifungua kutoka pindo la kanga. Abdallah aliligeuza kiganjani. "Kumbe ulimwibia mwalimu, ukaficha ulichoiba katika tanuri langu mwenyewe," alisema polepole. Hakupiga kelele, na hilo lilimwuma Zuhura kuliko kelele. "Nawa. Tutakwenda kwa Mwalimu Esta. Lakini mimi sikusemei. Nitakaa pembeni, utasema kwa kinywa chako."

Mwalimu Esta alikaa Shangani. Walipobisha hodi, walimkuta ana mgeni, naye ni Bwana Mikaeli. Alikuwa amepita mapema kuliko alivyoahidi, na mwalimu alikuwa katikati ya kumweleza kwamba jiwe halionekani.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Zuhura, kuna nini?"

Zuhura alifungua pindo la kanga, akaliweka jiwe juu ya meza. "Si Madalena," alisema. "Ni mimi. Nililitia tanurini."

Mwalimu Esta alishika mdomo. Bwana Mikaeli alilichukua jiwe, akalipeleka dirishani. Hatimaye akauliza, "Kwa nini tanurini?"

"Ulisema bado bichi."

"Bichi, maana halijachongwa. Fundi nilimaanisha mchonga vito."

"Sisi kwetu jiwe bichi ni lisilochomwa," Abdallah alisema kutoka mlangoni. "Si kwamba namtetea. Naeleza neno tu."

Bwana Mikaeli alitikisa kichwa taratibu kukubali. "Basi neno hilo nililisema mimi bila kulieleza. Hapo pana kosa langu. Lakini kuchukua ni kosa lako." Akavuta kiti. "Njoo uone ulichokifanya, usije ukadhani ni uchawi. Matumbawe ya baba yako yakiungua hutoa hewa ya ukaa, yakabaki chokaa. Turmalini imejengwa kwingine. Ni fuwele, yaani kila chembe imepangwa mahali pake kama tofali katika ukuta. Ndani yake mna silika, alumini, boroni, na vitu vidogo vidogo vinavyoipa rangi. Ule wekundu ulikuwa kazi ya manganizi. Ule ukijani ulikuwa kazi ya chuma. Na katikati ya ukuta huo imefungwa hidrojeni kidogo."

"Moto ulifanya nini?"

"Moto mkali uliifungua hidrojeni ikatoka. Ilipotoka, chuma kilibadilika hali yake, karibu na kinavyobadilika kikishika kutu. Ndiyo maana ganda limekuwa kahawia. Manganizi nayo ilibadilika, na katika hali yake mpya haina tena wekundu wa kuonekana. Na kwa kuwa joto lilipanda kwa nguvu bila mpango, ukuta wenyewe umepasuka."

"Mbona moto wa kandili haukuliharibu?"

Mtaalamu alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea kidogo. "Swali zuri. Joto la kandili lilisogeza tu vilivyomo, na jiwe lilipopoa vilirudi mahali pake. Hakuna kilichotoka nje. Tanurini kimetoka, nacho hakirudi kwa kulipoza. Wapo mafundi wanaopasha mawe haya makusudi, yaliyo meusi mno yapate mwanga. Lakini wanapima joto, wanalipandisha polepole, wanaanza na kipande cha kujaribia."

"Na jiwe ni lao," alisema Mwalimu Esta.

Bwana Mikaeli alilifunga jiwe katika kitambaa. "Nitaieleza ofisi ukweli. Sidhani wataniruhusu kuazima mawe shule hii tena kwa muda."

"Bwana, nisamehe," Zuhura alisema.

"Nimekusamehe. Lakini mimi nimepoteza jiwe tu. Yuko aliyepoteza zaidi."

"Lori linaondoka kesho," Zuhura alisema, akawa tayari yuko mlangoni.

Walikwenda Likombe wote watatu, Zuhura mbele, Abdallah na Mwalimu Esta nyuma wakihimiza mwendo. Uani kwa Rozalia palikuwa na magunia mawili yaliyofungwa kamba, jembe, sufuria, na mkeka uliokunjwa. Madalena alikuwa amekaa juu ya gunia. Alipowaona alisimama, akaingia ndani.

Rozalia hakuwakaribisha kukaa. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Zuhura alisema mbele yake yote aliyoyasema Shangani. Safari hii sauti ilimkatika mara kwa mara, lakini aliyamaliza.

"Mwanangu alikutazama wewe siku ile," Rozalia alisema. "Aliniambia, 'Mama, Zuhura anajua mimi si mwizi, atasema.' Alingoja useme. Alingoja siku zote hizo."

"Mama Madalena," alisema Mwalimu Esta, "hata mimi nilikosa. Nilimuuliza mbele ya wenzake kama niliyekwisha kuamua. Naomba usimwondoe shuleni. Kesho nitalisema darasani mwenyewe."

Rozalia alikaa juu ya gunia alilotoka bintiye. Alifikiri. "Kwenye darasa, sawa," alisema. "Lakini maneno hayakubaki darasani. Kule sokoni wameniuliza mihogo hii nimeiiba shamba gani. Basi kesho asubuhi huyu Zuhura aje hapa, amchukue mwenzake, wapite njia kuu, wapite Chuno penye maduka, watu wawaone wako pamoja. Akiulizwa na mtu, ajibu mwenyewe. Akifanya hivyo, mimi nitafungua magunia. Asipokuja, lori lipo."

"Nitakuja," Zuhura alisema.

Asubuhi Zuhura alifika kabla Rozalia hajawasha moto. Madalena alitoka na mkoba wake, hakumsalimu, akaanza kutembea. Walipita njia kuu. Penye maduka ya Chuno, mama mmoja muuza vitumbua akamwita Zuhura, "We, mtoto wa Abdallah, unatembea na huyo? Chunga mifuko yako."

Miguu ya Zuhura ilitaka kukimbia, akaizuia. "Shikamoo, bibi. Jiwe nililichukua mimi," alisema. "Yeye hakulishika." Yule mama alibaki na kijiko hewani. Walipokwisha kupita, Madalena alimtazama kwa pembe ya jicho, akapunguza mwendo wawe sambamba.

Darasani Zuhura alisimama mbele, akaeleza tena. Mwanaisha alianza kucheka akakuta anacheka peke yake. Kisha Mwalimu Esta akasimama karibu na ubao.

"Mmesikia," alisema. "Zuhura alisikia neno moja akadhani amelielewa, akachukua kisicho chake kulijaribu. Swali moja lingetosha kumzuia. Ninyi mkiwa na shaka, ulizeni. Hakuna aibu katika kuuliza. Lakini kosa lake kubwa lilikuwa la pili. Alinyamaza mwenzake akibeba lawama yake, na kila siku aliyonyamaza, lawama ile ilizidi uzito. Jiwe lile hatuwezi kulirudishia rangi. Madalena tunaweza kumrudishia jina lake, maana tulimvua kwa vinywa vyetu. Mimi nilimuuliza vibaya. Ninyi mlimcheka bila kuona lolote. Kwa hiyo kila aliyecheka atamwomba radhi, kwa sauti ile ile aliyochekea. Mwanaisha, anza."

Mwanaisha alianza. Wengine wakafuata, dawati kwa dawati.

Walipomaliza, Madalena alikwenda mahali pake. Alikaa ukingoni mwa benchi, akauweka mkoba wake katikati yake na Zuhura, umesimama wima kama ukuta. Zuhura hakuusogeza. Somo la hesabu likapita, na la Kiswahili likapita. Kengele ya mapumziko ilipolia, Madalena aliuchukua mkoba, akauweka sakafuni.

"Twende," alisema. "Mama kanipa muhogo wa watu wawili."